Tiger Moth iliyolala bandani miaka 30: kitambaa kipya kije mwisho

Swali: "Kikundi chetu cha wapenzi wa ndege za zamani kimepewa Tiger Moth, ile ndege ndogo yenye mabawa ya juu na ya chini, ambayo haijaruka kwa zaidi ya miaka 30. Muda wote huo ilikuwa bandani. Kitambaa kimepasuka kwenye bawa la chini la kushoto na kwenye usukani wa mkia, kwingine kinaonekana kizima. Injini inazunguka tukivuta pangaboi kwa mkono. Baadhi yetu wanataka tuvalishe kitambaa kipya, tuiwashe, turuke. Wengine wanasema ibaki ya makumbusho. Tuanzie wapi, na kazi ya kitambaa inafanywaje hasa?"

Jibu: Ndugu zangu, kabla ya yote acheni kuvuta hilo pangaboi. Injini ya ndege hii, Gipsy Major, ina silinda 4 zilizopangwa kwa mstari na kupinduliwa: krankishafti iko juu, vichwa vya silinda viko chini. Mafuta yaliyokuwa kwenye beringi yalishachuruzika zamani. Kuta za silinda zimebaki kavu, na kwa miaka 30 lazima kutu imeshika mahali fulani. Kila mnapovuta, ringi za pistoni zinakwangua kutu hiyo na kuchora kuta. Injini kuzunguka kwa mkono hakuonyeshi kwamba ni nzima. Kunaonyesha tu kwamba haijakwama.

La pili ni usalama wenu. Swichi ya magneto, kile kifaa kinachoipa injini umeme wa cheche, huzima kwa kuunganisha waya wa magneto na bodi. Waya huo ukikatika, ukilegea au ukiliwa na panya, magneto inabaki hai hata kama swichi inasoma imezimwa. Kwa hiyo pangaboi la ndege ya zamani huchukuliwa kuwa hai siku zote, na mtu hasimami kwenye mzunguko wake akipiga soga.

Sasa hilo la kuruka au makumbusho. Msilimalize mezani, maana bado hamjaona kilichomo ndani. Ila mjue mapema kwa nini haliwezi kuahirishwa mpaka mwisho wa kazi. Ndege ya makumbusho thamani yake ni vitu vyake vya asili. Ndege ya kuruka thamani yake ni uimara unaoweza kuthibitishwa. Mambo haya mawili hugongana kwenye kipande kimoja kimoja. Chukueni zile fito za chuma zinazopita ndani ya bodi kwa upande na kuunganisha bawa la chini la kushoto na la kulia. Kwa Tiger Moth inayoruka, maelekezo ya kiufundi ya ndege hiyo yanataka zibadilishwe kila baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 18, lolote litakalotangulia, kwa sababu hubeba mzigo wa mabawa na hupasuka kwa uchovu wa chuma mahali ambapo jicho halifiki. Fito ya mwaka 1940 kwenye makumbusho ni hazina. Kwenye ndege inayoruka ni kifo kinachosubiri zamu.

Makumbusho yenyewe nayo hayafuati njia moja. Shuttleworth Collection, kule Old Warden nchini Uingereza, bado wanarusha Blériot XI ya mwaka 1909 kwa miruko mifupi hewa ikiwa imetulia, ikiwa na injini ya umri uleule. Makumbusho ya RAF (jeshi la anga la Uingereza) yalipopata Halifax W1048, ndege ya mabomu iliyotolewa ziwani Norway mwaka 1973, yaliamua kuiacha na mikunjo na kutu zake, bila kuitengeneza upya. Dornier Do 17, ndege ya mabomu ya Kijerumani iliyoopolewa baharini mwaka 2013, ilipelekwa Cosford, tawi la makumbusho hayohayo, ikanyunyiziwa mchanganyiko wa maji na asidi ya sitriki kwa muda mrefu ili kuondoa chumvi na magamba ya bahari, si kuifanya ionekane mpya. Zote tatu ni kazi za heshima. Kinachoharibu ni kuchanganya: mtu anaondoa vitu vya asili kana kwamba ndege itaruka, kisha fedha au ruhusa zinakosekana, anabaki na ndege isiyoruka na isiyo ya asili.

Ushauri wangu: fungueni bawa la chini la kushoto, lile lililopasuka tayari, mlikague lote hadi kwenye mbao, ndipo mkutane na kuamua. Hilo bawa moja litawapa majibu mengi kuliko mkutano wowote.

Kabla ya kufungua, pigeni picha kila kitu, kila upande, kukiwa na kipimo ndani ya picha. Tafuteni kibao cha namba kwenye bodi, na vitabu vya kumbukumbu vya ndege na vya injini. Bila vitabu hivyo kuruka kunakuwa kugumu sana, kwa sababu sehemu zenye ukomo wa saa hazina historia na zitahesabiwa zimekwisha. Kama kuna wazo lolote la kuruka, mtafuteni sasa fundi mwenye leseni anayekubalika kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kazi ya mbao ikishafunikwa kwa kitambaa kabla hajaiona, ana haki ya kuwaambia mkifumue.

Jambo moja la tahadhari, fupi lakini msilipuuze. Saa za dashibodi za enzi hizo mara nyingi zimepakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao unaweza kuwa umekufa lakini mionzi ipo. Msizifungue, msikwangue nyuso zake, msiziweke kwenye droo ya ofisi. Zipimwe kwa kifaa cha mionzi, zifungwe kwenye mifuko na kuwekewa alama.

Tuje kwenye bawa. Kateni kitambaa kwa wembe katikati ya nafasi kati ya ubavu na ubavu, msikate juu ya mbavu zenyewe, maana wembe ukichora mbao umewatengenezea mahali pa ufa kuanzia. Kikishafunguka, msikimbilie kusafisha. Uchafu ni ushahidi. Alama ya maji iliyokauka kwenye ukingo wa nyuma inawaonyesha tundu gani la kutolea maji liliziba. Kiota cha panya ni habari mbaya kuliko kinavyoonekana: mkojo wake hula waya za ndani ya bawa, huozesha gundi na kulainisha plaiwudi. Chini ya kila kiota pakaguliwe kama sehemu iliyoharibika mpaka ithibitike vingine.

Bawa la Tiger Moth lina boriti mbili za mti wa sprusi, ya mbele na ya nyuma, mbavu za mbao zilizounganishwa kwa gundi na misumari midogo, na waya za ndani zinazolizuia bawa lisipinde mbele na nyuma. Adui mkubwa hapa ni gundi kuliko mbao. Ndege za miaka ya 1930 nyingi ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Ikiwa kavu ni imara. Ikinyonya unyevu, kuvu huila, na mara nyingi utaisikia kwa harufu kabla ya kuiona. Gundi za urea-fomaldehaidi zilizofuata zinavumilia maji zaidi, lakini nazo huzeeka, hukakamaa na kupasukapasuka, hasa pale ambapo maungio hayakubanwa vizuri kiwandani na gundi ikabaki nene.

Kipimo cha gundi ni rahisi, na hakidanganyi. Tafuteni ungio dogo la ubavu ambao utabadilishwa kwa vyovyote, mlibandue kwa patasi nyembamba. Angalieni nyuso mbili zilizoachana. Kama mbao imechanika na nyuzi zake zimebaki zimeganda upande wa pili, gundi ilikuwa na nguvu kuliko mti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama uso ni laini, unang'aa au una unga mweupe bila uzi wa mti hata mmoja, gundi imekufa. Rudieni kwenye maungio mengine matatu manne, mengine yakiwa karibu na shina la bawa na mengine karibu na ncha. Ikiwa yote yanabanduka hivyo, hakuna kurekebisha hapa na pale. Bawa zima linafumuliwa, na mabawa mengine matatu yana uwezekano mkubwa wa kuwa vivyo hivyo, hata kama kitambaa chake kinawachekea.

Boriti zikaguliwe kwa tochi iliyolazwa karibu sambamba na uso wa mbao, chumba kikiwa giza. Mnatafuta mistari myembamba inayokatiza nyuzi za mti, kama mikunjo midogo. Hiyo ni alama ya kubonyea: nyuzi zilikandamizwa kupita uwezo wake, pengine bawa liligonga chini wakati wa kutua au lilibebwa vibaya. Boriti yenye alama hiyo haitengenezwi kwa kuongezewa gundi. Inatupwa, au inakwenda makumbusho. Sehemu za kutazama sana ni chini na pembeni mwa vipande vya plaiwudi vya kuimarishia, pale ambapo mbao nene inakutana ghafla na nyembamba, na kuzunguka matundu ya bolti. Tundu la bolti likiwa limegeuka yai au limezungukwa na weusi, bolti imekuwa ikicheza na maji yameingia. Kwa kipima unyevu, mbao iliyo tayari kuungwa iwe kati ya asilimia 8 na 12. Ikizidi hapo iacheni ikauke polepole mahali penye kivuli. Kuikausha kwa joto kunaipasua.

Ikiwa sehemu ya boriti ni mbovu na mwongozo unaruhusu kuunga, ungio ni la mshazari mrefu, urefu wa mshazari ukiwa angalau mara 10 hadi 12 ya unene wa mbao, pamoja na vibao vya kuimarishia pande zote. Mbao mpya iwe sprusi ya daraja la ndege: nyuzi zilizonyooka zisizoteleza nje zaidi ya sehemu 1 kwa 15 za urefu, bila vifundo, bila mifuko ya utomvu. Nyuso za kugundishwa zirandwe kwa randa kali. Watu hupenda kumalizia kwa msasa kwa sababu panapendeza, lakini vumbi la msasa huziba vinyweleo vya mti na gundi haishiki. Wakati huohuo mnagundisha kipande cha majaribio kutoka mbao ileile na gundi ileile, mnakiandika tarehe, na kesho yake mnakivunja. Kikivunjikia kwenye mbao, kazi ya jana ni salama.

Bodi yenyewe ni fremu ya mabomba ya chuma. Kutu ya nje mtaiona. Ya ndani haionekani, na hukaa chini kabisa, mkiani karibu na skidi (mguu wa mkia unaoburuza chini) na kwenye maungio ya chini ambako maji hutuama. Gongeni bomba kwa nyundo ndogo mkisikiliza, kisha mpime unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Msipake rangi nzito kabla ya kupima. Bomba lililopakwa vizuri huficha mengi.

Sasa kitambaa, mlichouliza. Swali la kwanza la kila mtu ni kama kile cha zamani kinafaa. Kwa kitambaa cha pamba au kitani, mwongozo unaotumiwa sana, ule wa Marekani, unaruhusu kitambaa kishuke mpaka asilimia 70 ya nguvu iliyotakiwa kikiwa kipya. Pamba ya daraja la juu huhimili takriban kilo 36 kwa kipande cha upana wa inchi 1, na ukomo wake ni takriban kilo 25. Kwa ndege zenye mzigo mdogo wa bawa, yaani chini ya kilo 44 kwa mita ya mraba, na zisizo na kasi kubwa, inaruhusiwa pamba ya daraja la kati ambayo ukomo wake ni takriban kilo 21. Tiger Moth yenye uzito wa juu wa kilo 828 na mabawa ya mita za mraba 22.2 inabeba kama kilo 37 kwa mita ya mraba, kwa hiyo iko kundi hili la pili. Kipande cha kupima kikatwe kutoka sehemu dhaifu kuliko zote, ambayo karibu kila mara ni upande wa juu wa bawa la juu, kwenye rangi nyeusi au ya kijani iliyokolea, kwa kuwa jua ndilo linaloua kitambaa. Kupima chini ya bawa la chini ni kujidanganya. Hata hivyo kwa ndege yenu jibu liko wazi: kwa kuruka, kitambaa chote kinatoka, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuona mbao.

Chaguo la kitambaa kipya ni kitani, pamba au poliesta. Kwa makumbusho ningesema kitani na dopu ya asili, bila kusita. Dopu ni ile laka ya ndege inayokaza kitambaa na kukiziba. Poliesta iliyopigwa pasi ina mwonekano mwingine kabisa, haina ule umbile wa uzi, na mwenye macho ataitambua. Kwa kuruka, poliesta inadumu miaka mingi zaidi na haiozi, lakini lazima iwe imeidhinishwa kwa ndege ya aina hiyo, na inaidhinishwa kama mfumo mzima: kitambaa, gundi, kijazio, rangi ya fedha na rangi ya mwisho. Kuchukua gundi ya mfumo huu na kijazio cha mfumo ule kunavunja idhini, na mara nyingi kunavunja pia mshikamano wa tabaka.

Kwa Tiger Moth nzima kadirieni mita 45 hadi 50 za kitambaa chenye upana wa takriban mita 1.75, pamoja na tepu, ambazo watu husahau mpaka zinawaishia katikati ya bawa.

Mbao zikishapakwa vanishi inayohimili viyeyusho vya dopu, funikeni kila pembe kali na kila kichwa cha msumari kwa tepu ya kuzuia msuguano. Poliesta hutandazwa ikiwa imelegea kidogo na kugundishwa pembezoni. Pindo linalolaliana kwenye ukingo wa mbele liwe angalau milimita 50, kwingine milimita 25. Kisha pasi. Pasi ya nguo inatosha, ila msiamini namba zilizoandikwa kwenye kitasa chake. Ipimwe kwa kipimajoto cha kugusa, mtie alama za kalamu kwenye nyuzi joto mnazotaka. Mzunguko wa kwanza ni takriban nyuzi 120 za selsiasi kwa bawa zima, pande zote mbili, kabla ya kupanda hadi 150, na wa mwisho 177. Kitambaa hujikaza kwa hatua, na kila joto lina mkazo wake. Mkipita 177 kwa kiasi kikubwa, nyuzi huanza kulegea na hazirudi tena, na mkichelewa zaidi zinayeyuka. Mkimaliza upande mmoja hadi 177 kabla ya kugusa wa pili, bawa linajikunja. Usukani wa mkia na ukingo wa nyuma wa eleroni (vibapa vya bawa vya kuilaza ndege upande) ndio huumia kwanza, kwa kuwa mbao zake ni nyembamba. Wekeni rula ndefu kwenye ukingo baada ya kila mzunguko. Ukianza kupinda, simameni hapo na mumwite fundi wenu.

Kitani hakipigwi pasi. Hushonwa kiwe kama mfuko au blanketi linalobana kwa wastani, kikalowanishwa kidogo ili mikunjo itoke, kisha dopu ndiyo inayokikaza. Kwa hiyo kikivutwa sana wakati wa kushona, dopu itamalizia kazi na kuvunja mbavu.

Baada ya mkazo inakuja hatua ambayo ningewaomba msiharakishe hata mkiwa mmechoka: kushona kitambaa kwenye mbavu. Juu ya bawa hewa inavuta kitambaa kwenda juu. Gundi ya pembezoni haitoshi kukizuia. Kikivimba kati ya boriti mbili, umbo la bawa limeharibika na ndege inapoteza nguvu ya kuelea, na mpasuko ukianza hausimami. Juu ya kila ubavu hulazwa tepu ya kuimarishia, upande wa juu na wa chini. Uzi uliopakwa nta hupitishwa kwa sindano ndefu, kama sentimita 30, ukishuka ubavuni mwa mbao upande mmoja na kupanda upande wa pili. Fundo la kwanza ni la mzunguko maradufu, linafungwa imara. Kwenye kila kituo kinachofuata, sindano ikipanda, hupitishwa chini ya uzi unaotoka kituo kilichotangulia, ikazunguka juu yake, ikaingia kwenye kitanzi, kisha fundo linavutwa mpaka likae pembeni mwa ubavu. Lisikae juu ya tepu. Fundo lililokaa juu litaonekana kama chunusi chini ya rangi, na msasa utalikata. Kuna fundi anayeshona na kuna msaidizi upande wa pili anayeirudisha sindano. Wawili waliozoeana huimaliza kazi kwa uvutaji ulio sawa, ndiyo maana si vizuri kubadilishana zamu katikati ya ubavu.

Nafasi kati ya fundo na fundo fuateni ile ya asili na ya mwongozo wa ndege. Pangaboi linakosukuma hewa, karibu na bodi, nafasi huwa fupi zaidi. Msizirefushe ili kuokoa uzi. Juu ya mishono hupandishwa tepu ya kumalizia yenye kingo za menomeno, na kwenye ukingo wa nyuma, upande wa chini wa kila nafasi, huwekwa vipete vya kutolea maji. Vitoboeni baada ya rangi kukauka kabisa, na mhakikishe tundu limefunguka hadi ndani. Vipete vingi hubandikwa vizuri kisha vikasahaulika kutobolewa, na hapo ndipo mbao mpya inapoanza kuoza.

Kwa dopu, tabaka za kwanza ni za nitrati kwa sababu inashika kitambaa vizuri, na za juu ni za butirati kwa sababu haishiki moto haraka. Butirati juu ya nitrati inakubali. Nitrati juu ya butirati haikubali. Tabaka ya kwanza hupakwa kwa brashi ili iingie hadi upande wa pili wa uzi, lakini isichuruzike kwa ndani. Kisha tabaka zenye unga wa alumini, zile za rangi ya fedha, ambazo kazi yake ni kuzuia mwanga wa jua. Washeni taa ndani ya bawa chumba kikiwa giza: mwanga ukipenya, ongezeni. Ukishazuilika, achaneni nayo, kwa sababu kila tabaka ni uzito, na dopu nene ndiyo inayopasuka mapema. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, dopu hugeuka nyeupe kama maziwa inapokauka. Hiyo ni maji yaliyonaswa, na tabaka hiyo haina nguvu. Subirini siku kavu, au tumieni kiyeyushi kinachochelewesha kukauka.

Kuhusu moto: mvuke wa nitrati na vumbi lake kavu huwaka kwa cheche ya umeme tuli. Fremu ya ndege na ya bawa ziunganishwe na ardhi kwa waya, sakafu ilowekwe maji, na vumbi la rangi lisifagiliwe likiwa kavu. Mpakaji avae barakoa ya kuchuja kemikali. Ile ya kitambaa ya vumbi haifai kitu hapa.

Injini nitaipitia haraka, kwa kuwa ni kazi ya karakana yenye leseni. Ninyi mnachoweza kufanya leo ni kutoa plagi zote 8, kunyunyizia mafuta mepesi ndani ya silinda, kuacha angalau siku nzima, na kuchungulia kwa kamera ndogo. Kumbukeni silinda zimepinduliwa, kwa hiyo mafuta yatatuama kwenye kichwa, kwenye matundu ya plagi. Tabia hiyo ndiyo hatari ya kila siku ya injini hii hata ikiwa nzima: mafuta yakijaa kwenye silinda iliyosimama na mtu akalazimisha pangaboi, hakuna nafasi ya kubana kimiminika, na fito ya pistoni inapinda. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, toa plagi za chini, usilazimishe. Magneto zipelekwe kwa mtaalamu wa koili. Dalili maarufu ya magneto iliyozeeka ni injini kuwaka vizuri ikiwa baridi na kuanza kukohoa baada ya nusu saa ikishapata moto, kwa sababu kondensa na vanishi ya koili vimechoka.

Mafuta ya petroli hushuka yenyewe kutoka tangi la lita 86 hivi lililo katikati ya bawa la juu, hakuna pampu. Ndiyo maana hupimwa mtiririko: mkia ukishushwa mpaka pua iwe kwenye mkao wa kupanda, bomba likifunguliwa kwenye kabureta, kiasi kinachotoka kwa dakika kiwe angalau mara moja na nusu ya kile injini inachotumia ikiwa kwenye nguvu zote. Kikiwa pungufu, tafuteni kutu ndani ya tangi au bomba lililobonyea. Kubadilisha kabureta hakutasaidia.

Siku ya kuruka ikifika, isiwe siku ya kujifunza. Tiger Moth haina breki, haina stata, ina skidi ya mkia, na akiwa peke yake rubani hukaa kiti cha nyuma. Pangaboi hupigwa kwa mkono na mtu aliyefundishwa, magurudumu yakiwa na vizuizi. Miruko ya kwanza ifanywe na rubani anayerusha aina hiyo mara kwa mara. Baada ya mruko wa kwanza kagueni mkazo wa bolti za pangaboi na nyaya zote za nje za mabawa, kwa kuwa mbao na kitambaa vipya vinatulia. Baada ya saa chache za mwanzo mwageni mafuta ya injini na mtazame chujio kama lina chembe za chuma.

Mkiamua makumbusho, mnayoyafanya ni machache lakini yanataka nidhamu zaidi. Msibadilishe bawa lote kwa sababu ya mpasuko mmoja. Mpasuko hushikizwa kwa kiraka cha ndani cha kitani kwa gundi inayoweza kuondolewa baadaye, injini huhifadhiwa kwa mafuta ya kuzuia kutu bila kuwashwa, matairi huinuliwa juu ya stendi, na unyevu wa chumba husawazishwa usipande na kushuka. Na kwa vyovyote vile, hata mkiamua kuruka, kitambaa cha zamani kisichomwe. Vipande vyenye namba, alama za rangi, mihuri ya kiwanda au majina ya mafundi kwa penseli vikatwe vikiwa vipana. Vilazwe bapa bila kukunjwa, katikati ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi lisilopitisha mwanga. Vikiwa vimepakwa dopu ya nitrati, viwekwe mbali na joto na mbali na nyaraka nyingine, kwa sababu nitrati ya zamani huendelea kuchacha na kutoa asidi, na iko tayari kuwaka.